Uliza Mbele ya Kuweka Mkono

UKURASA WA VIJANA NA KAZI



Mwezi huu nimepokea barua ya kijana mmoja wa Likasi. Nimeona vema kuijibu hapa mbele ya wote, kwa sababu ulizo lake linagusa jamaa nyingi. Ameandika hivi: "Pasta, mi nataka kujifunza kazi ya kukanda bantu. Nimeanza masomo, lakini wanatufundisha paka majina ya mifupa na kuandika maulizo mu kaye. Mama anasema kambo yangu alikandaka bantu miaka yote, hakusomaka hata kitabu kimoja. Sasa ile anatomia ni ya nini? Mikono haitoshi?"

Kijana wangu, mama yako hasemi uongo. Kambo yako alikuwa na mikono mizuri, na watu wengi walipata nafuu kwake. Hapa kwetu kazi hii ina maana sana. Tangu Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, mikoa yetu inaishi kwa migongo ya watu. Mgodi wa Kipushi ulifunguliwa mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Hesabu mwenyewe ni migongo mingapi imepita mule. Zaidi ya hayo kuna wachimbaji wa mikono wanaobeba mifuko mabegani, wamama wanaoinama majini kuosha mawe, na vijana wanaosukuma kinga zilizojaa makala. Kiisha, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa ile mpango iliyoitwa kuondoka kwa kujitolea. Tangu pale jamaa nyingi zinalipa munganga kwa mfuko wao wenyewe. Mgongo ukiuma, mtu haendi kwanza lopitali. Anaita mwenye kukanda.

Kwa hiyo mara nyingi mwenye kukanda ndiye wa kwanza kuona mgonjwa, mbele ya munganga. Ndiyo sababu anapashwa kujua. Nitakueleza jambo moja lililonifundisha mimi mwenyewe, na halinipi sifa.

Baba mwenye mukaba

Miaka michache iliyopita baba mmoja wa kanisa letu alikuwa akilalamika juu ya mgongo. Alikuwa mchimbaji. Miezi mitatu maumivu hayakuondoka. Mimi nilimwambia: "Baba, ni uchovu tu, pumzika kidogo." Jirani yake, mama mwenye nguvu, alimkanda kwa mafuta ya moto mara nyingi, akimkandamiza kwa viwiko. Siku mbili anasikia vizuri, siku ya tatu maumivu yanarudi kupita mbele.

Nilikumbuka kijana wa kwaya yetu aliyekuwa akisoma kazi ya kinezi. Nikawaza: nitasaidia wote wawili, baba atapona na kijana atapata feza kidogo ya masomo. Nikawaita kwangu siku ya posho, nyuma ya saa sita. Nilitandika mkeka mimi mwenyewe.

Kijana hakutoa mafuta. Alitoa kaye na kalamu. Akaketi chini mbele ya baba, akaanza kuuliza.

"Baba, usiku unasikiaka moto mu mwili?"

"Ndiyo, mwana. Mangaribi inaanza, usiku jasho mingi."

"Ukilala, mugongo inapumzika?"

"Hapana. Usiku njo inauma sana."

"Unakula muzuri?"

Baba akacheka kidogo, akamwonyesha mukaba wake. Alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Sisi wote tulikuwa tukimwona kila siku ya yenga, na hakuna aliyeona kama amekonda namna ile.

Kijana akamwomba avue shati, akapitisha vidole polepole juu ya mifupa ya mgongo, mmoja mmoja, bila kukandamiza. Pahali pamoja baba akaruka. Pale mfupa ulikuwa umetoka nje kidogo, kama fundo ndogo. Kijana akamsaidia kuvaa, akasema: "Baba, mi siwezi kukukanda leo. Twende ku lopitali."

Nilikasirika. Nilimwambia mbele ya baba: "Nimekuita usaidie mzee, nawe unamwogopesha? Masomo yako ni ya kukataa kazi?" Yeye akajibu kwa heshima: "Pasta, mikono yangu haina macho ya kuona mu ndani ya mfupa. Munganga atapiga picha."

Walikwenda. Picha ya radio ilionyesha mifupa miwili ya mgongo imeliwa. Ulikuwa tuberkulozi ya mgongo. Baba hakukohoa hata siku moja, ndiyo sababu hakuna aliyefikiri juu ya kifua kikuu. Munganga alisema kama wangeendelea kumkandamiza, ile mifupa ingeweza kuvunjika na kufinya uboho wa mgongo, na miguu ingekufa. Baba alimeza dawa miezi mingi. Leo anatembea kwa miguu yake mpaka kanisani. Hachimbi tena, anauza mkaa kwenye lupango lake. Nami nilimwomba yule kijana msamaha, mbele ya yule baba, kwa sababu mbele yake ndipo nilimhukumu.

Ugonjwa huu si mpya. Munganga wa Uingereza, Percivall Pott, aliuandika mwaka 1779, na Robert Koch wa Ujerumani alipata mdudu wake mwaka 1882. Kwetu kwenye migodi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu vumbi la mawe linaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika ni mlango wazi kwa kifua kikuu. Dawa zake katika inchi yetu zinatolewa bure na programu ya taifa. Feza isikuzuize.

Neno "mishipa" linatudanganya

Sasa turudi kwa anatomia. Kijana wangu, sikiliza namna watu wanavyosema mtaani: "Mishipa imekamatana." "Mishipa inanivuta." "Mishipa ya mguu imevimba." Neno ni moja, lakini vitu ni vinne, na kila kimoja kinataka mkono wa namna yake.

Kwanza kuna nyama, ile inayojikunja na kuvuta mfupa. Mwili una zaidi ya 600. Nyama iliyochoka inapenda kukandwa. Pili kuna kano, kamba ngumu inayofunga nyama kwa mfupa, kama ile nyuma ya kisigino. Tatu ni mishipa ya damu: mingine inatoka moyoni, nayo inapiga ukiigusa, mingine inarudisha damu moyoni. Nne ni mishipa ya fahamu, inayobeba habari kati ya bongo na mwili. Ukikandamiza mshipa wa fahamu uliofinywa, huponyeshi, unaongeza moto.

Mkubwa kupita yote ya fahamu unatoka kiunoni, unapita ndani ya tako, unashuka nyuma ya paja mpaka mguuni. Karibu na pahali unapotokea una unene wa kidole. Mtu akikuambia maumivu yanatoka kiunoni na kukimbia mpaka chini ya goti, kama umeme, ujue pengine ni ule mshipa unaofinywa, si nyama ya paja. Mtu anashika paja, lakini shida iko kiunoni. Asiyesoma atakanda paja mwezi mzima.

Neno "mgongo" nalo ni vilevile. Mwingine akisema mgongo anaonyesha katikati ya mabega. Mwingine anaonyesha kiuno. Mwingine anaonyesha upande, chini ya mbavu za mwisho, na pale kuna figo. Maumivu ya figo yanaweza kuja na moto wa mwili na mkojo wenye kuwaka au wenye damu. Hiyo ni kazi ya munganga. Kwa hiyo mwambie mgonjwa: "Onyesha kwa kidole kimoja."

Ngazi ya mifupa

Mtu mzima ana mifupa 206. Wewe anza na ile ya mgongo, kwa sababu ndiyo utakayoigusa kila siku. Shingo ina 7. Pahali pa kifua, panaposhikwa na mbavu, pana 12. Kiuno kina 5, nayo ni minene kupita mingine, kwa sababu inabeba mzigo wote wa juu. Chini yake kuna 5 iliyoungana kuwa mmoja, kiisha kamkia kadogo ka mifupa 4 hivi. Kati ya mfupa na mfupa kuna kamto kenye ulaini katikati. Mtu akiinama na kunyanyua mfuko mzito huku akigeuka, kale kamto kanaweza kusukumwa nyuma na kufinya mshipa wa fahamu.

Fanya zoezi hili na ndugu yako nyumbani. Mwambie ainamishe kichwa. Mfupa unaotokea zaidi chini ya shingo ni wa 7 wa shingo, au jirani yake. Ateremshe mikono, utafute ncha ya chini ya mfupa wa bega: iko karibu sawa na mfupa wa 7 wa kifua. Kiisha weka mikono yako juu kabisa ya mifupa ya nyonga, pande zote mbili, na uunganishe vidole gumba katikati: upo karibu na mfupa wa 4 wa kiuno. Ukijua alama hizi tatu, hautapotea tena mgongoni. Ukiandika kwenye kaye "maumivu kwenye kiuno, mfupa wa 4, upande wa kuume," munganga akisoma ataelewa mara moja.

Usione haya kujifunza kwa kuangalia. Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alichapisha mwaka 1543 kitabu kikubwa juu ya mwili wa binadamu. Mbele yake, zaidi ya miaka 1,000, waganga walifuata maneno ya Galen, aliyejifunza zaidi kwa kupasua nyama. Galen aliandika kwamba mfupa wa taya la chini ni miwili. Vesalius alifungua miili ya watu, akaona ni mmoja. Wakubwa wote walikuwa wamerudilia kosa bila kuangalia. Ndivyo inavyokuwa pia kwetu, tunaposema "ni uchovu tu."

Maulizo ya kuandika kwenye kaye

Mwalimu wako ana haki kukuandikisha maulizo. Haya ndiyo ya lazima, uyauliza kwa maneno ya kwetu:

1. Unatumika kazi gani, na una miaka mingapi?
2. Inauma wapi? Onyesha kwa kidole kimoja. Inakimbia kwenda pengine?
3. Ilianza lini na namna gani? Ulianguka? Ulinyanyua kitu?
4. Kitu gani kinaiongeza, na kitu gani kinaipunguza? Ukilala inapumzika?
5. Una moto wa mwili, jasho la usiku, umekonda, unakohoa?
6. Miguu ina ganzi au udhaifu? Mkojo na choo vinakwenda sawa?
7. Una ugonjwa mwingine: sukari, tansio, SS, moyo? Unameza dawa gani? Kwa mama: una mimba?

Kiisha umwombe apime maumivu yake kutoka 0 mpaka 10, uandike. Nyuma ya kumkanda umuulize tena. Kama mara tatu umekanda na namba haishuki, usiendelee kula feza yake. Umtume kwa mwenye kujua zaidi.

Usimkimbize mgonjwa katika maulizo. Wababa wa migodi hawapendi kusema wanaumwa, wanaogopa kupoteza kazi. Uliza, kiisha unyamaze. Mara nyingi neno kubwa linakuja mwishoni, wakati anapofunga viatu.

Angalia, gusa, linganisha

Mbele ya kugusa, angalia. Angalia namna anavyoingia mlangoni, kama anaegemea upande mmoja. Angalia kama mabega yako sawa. Kiisha gusa kwa mgongo wa mkono wako, kwa sababu unasikia moto vizuri kupita kiganja. Linganisha sikuzote upande wa kuume na wa kushoto. Mungu ametupa pande mbili, moja inakuwa mwalimu wa nyingine. Mwisho umwambie ajongeze kiungo yeye mwenyewe, mbele ya wewe kukijongeza.

Kuna kipimo ambacho mwalimu wako atakufundisha, kinaitwa kwa jina la Lasègue, munganga wa Ufaransa. Mgonjwa analala chali, unanyanyua mguu wake polepole ukiwa umenyooka. Kama mbele ya kufika wima anasikia maumivu ya umeme yanayoshuka chini ya goti, mshipa wa fahamu unaweza kuwa umefinywa. Usikifanye peke yako mpaka mwalimu amekuona ukikifanya.

Nyuma ya hayo yote ndipo yanakuja yale mnayoyapenda: kupapasa, kukanda, kusugua, kupigapiga. Majina ya Kifaransa mnayoyasikia darasani yanahesabiwa kuwa ya Johann Georg Mezger, munganga wa Uholanzi wa miaka ya 1800. Mikono ya kambo yako ilijua mengi ya hayo bila majina. Lakini mkono unakuja wa mwisho.

Pale mikono inapashwa kusimama

Andika haya kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye yako.

Mtu ameanguka ndani ya shimo au ameangukiwa na udongo: usimgeuze, usimvute shingo. Alale sawa, abebwe juu ya ubao.

Mtu ana maumivu ya kiuno, na sasa hawezi kukojoa, au mkojo unatoka bila yeye kujua, au anasikia ganzi pale anapokalia: siku ileile lopitali, hata usiku.

Mushofere ameketi siku nyingi ndani ya lori kwenye mstari wa Kasumbalesa, na sasa nyama ya mguu mmoja chini ya goti imevimba, ina moto, inauma: usiikande kamwe. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiikanda, kidonge kile kinaweza kukatika, kupanda mpaka mapafuni, na kumwua.

Mtoto analia mikono na miguu, imevimba, na anaumwa mara kwa mara: pengine ni SS. Damu yake ina chembe zenye umbo la mundu zinazoziba njia. James Herrick aliandika juu yake Chicago mwaka 1910, mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa, na inchi yetu ni moja ya zile zenye watoto wengi wa namna hii. Wamama wengi wamekandamiza viungo vya watoto hawa wakifikiri ni mbio na michezo. Mpe mtoto maji mengi, mfunike asisikie baridi, mpeleke. Usimkande kwa nguvu.

Mwenye sukari ambaye nyayo zake hazisikii: usimwekee maji ya moto, atababuka bila kujua.

Hayo hayakufanyi kuwa munganga. Wewe hautoi jina la ugonjwa. Kazi yako ni kujua siku gani unakanda na siku gani unatuma. Lopitali kubwa ya mji wetu ina jina la Jason Sendwe, ambaye mbele ya siasa alikuwa msaidizi wa waganga. Msaidizi mwema si mtu mdogo.

Heshima na siri

Neno la mwisho kwa vijana, wavulana na wasichana. Mtu akivua shati mbele yako amekupa kitu kikubwa. Umweleze kwanza utakalofanya, umuulize kama anakubali. Funika sehemu usiyoikanda. Kama ni mama au msichana, na wewe ni mvulana, mlango usifungwe na mtu wa jamaa awepo. Akisema "simama," unasimama, hata kama amelipa.

Na yale uliyoyaandika kwenye kaye yafungiwe. Ugonjwa wa mtu si habari ya kuzungumza kwenye robine wakati wa kuchota maji, wala si ombi la kutangaza kanisani bila ruhusa yake. Hapo ninasema pia na wenzangu wachungaji, tunaosema mno.

Basi, kijana wa Likasi, mshukuru kambo yako kwa mikono, na mwalimu wako kwa kaye. Ukipata mgonjwa wako wa kwanza, uangalie kwanza mukaba wake.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Kwetu, mtu akiumwa mgongo, tunamwuliza nini mbele ya kumkanda?
2. Nani katika jamaa yetu amekonda, au anatoka jasho usiku, na hatujamwuliza?
3. Wewe kijana, unaweza kumwambia mzee "leo sikukandi" kwa heshima? Jaribu kusema kwa sauti.